Uso wa Kaka Unauzwa

Wiki nzima mmeniuliza kilichokuwemo kwenye ile karatasi ambayo Fundi aliitoa kifuani mwa shati lake. Haya, kaeni vizuri. Aliikunjua juu ya meza ya dada yake, akaibana pembe kwa viganja viwili. Lilikuwa bango la ukutani, na kwenye bango palikuwa na uso wake mwenyewe.

Uso wake, jamani, lakini si huo mnaoujua. Macho yamewiva, taya zimekazana, ngumi imeinuliwa usawa wa sikio. Chini yake maandishi meupe: HUYU ANAMPIGA MKEWE. USINYAMAZE.

"Nimelibandua kwenye ukuta wa zahanati," alisema Fundi. "Lenzi, ni zahanati anakofanya kazi mchumba wangu. Mkabala na dirisha la dawa. Nimesimama pale, foleni nzima inanitazama mimi, inatazama ukuta, inanitazama mimi."

Kwa aliyeingia leo: Lenzi ni jina la utani la dada mtu, mpiga picha. Si wa harusi, wala wa vitambulisho. Yeye hupiga picha na video fupi akaziweka kwenye soko la mtandaoni, na huko watu wa matangazo, wa magazeti na wa vitabu vya shule hununua bila kumjua aliyepiga wala aliyepigwa. Mkono unaokata kitunguu? Upo. Mtoto anayepiga mswaki? Yupo. Maandishi yanayorukaruka kwenye skrini kabla ya habari kuanza? Hayo pia hutengeneza. Chumba anacholala, ghorofa ya tatu, ndicho studio yake: shuka jeupe ukutani, taa mbili, na godoro ambalo mchana husimamishwa kwa ubavu ili lisionekane.

Kaka yake, seremala wa milango, ndiye aliyepigwa picha kuliko watu wote, kwa sababu halipwi. Undugu ni kufaana, au sivyo?

"Kaka, hilo ni igizo," alisema Lenzi. "Nani asiyejua kwamba watu wa mabango ni waigizaji?"

"Mama mkwe hajui. Jana alimpelekea mwanawe chakula kazini, akaliona. Amesema harusi hakuna."

Hapo muelewe jambo moja. Huyo mchumba, muuguzi, alikuwa na dada mkubwa. Nasema alikuwa. Mume wa yule dada alimpiga, akampiga, mpaka asubuhi moja hakuamka. Tangu siku hiyo mama yao, mshonaji wa nguo, ana sheria moja tu nyumbani kwake: binti aliyebaki haolewi na mwanamume anayepiga, wala na mwanamume aliyekulia kwenye nyumba ya kipigo.

"Nilikwambia uifute," alisema Fundi, sasa kwa sauti ya chini. "Siku ileile nilikwambia. Fomu yako niliitia saini kwa zile za kupiga randa, na zile za kucheka. Hii niliikataa. Imefikaje ukutani?"

Swali zuri. Soko lile halipokei uso wa mtu bila fomu ya ridhaa, na fomu haina maana bila saini ya mwenye uso.

Lenzi angeweza kusema kweli. Nafasi alikuwa nayo, mdomo alikuwa nao.

"Ulitia saini, kaka. Umesahau."

"Nionyeshe."

Akafungua kompyuta, akaitafuta fomu, akamgeuzia skrini. Fundi aliinama, akaitazama saini kwa muda mrefu.

"Nzuri," alisema. "Nzuri kuliko yangu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu haikufika hata kizingitini. Lenzi aliziba uso kwa mikono.

"Mwezi ule hakuna kitu changu kilichonunuliwa, kaka. Hata kimoja. Nikaiweka hii nijaribu tu. Kumbe ndiyo waliyokuwa wanaitafuta. Mpaka leo ndiyo inayonilisha."

"Basi iondoe."

"Nitaiondoa. Lakini aliyekwisha kuinunua ameinunua. Hairudi."

Angepiga kelele, ningemwelewa. Angevunja taa mojawapo, ningemtetea. Fundi alilikunja tu bango lake, mara moja, mara mbili, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu.

"Mama mkwe amekubali kutusikiliza saa nane," alisema. "Mwenye ushahidi aulete."

Lenzi alijifuta machozi kwa kiwiko. "Ushahidi ninao."

Na kweli alikuwa nao. Mpiga picha hapigi picha moja. Hupiga thelathini ili apate moja, na zile ishirini na tisa nyingine hubaki ndani ya mashine zikijua kila kitu.

Saa nane wakawa sebuleni kwa mama mshonaji. Cherehani ilikuwa dirishani. Juu ya mlango wa chumba lilining'inia gauni jeupe, mkono mmoja umeshaungwa, wa pili bado. Muuguzi alikuwa na sare zake za kazi. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu.

"Karibu, wifi," alimwambia Lenzi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

Mama yake hakukaribisha mtu. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja ndipo akasema: "Nasikiliza."

"Mama, naomba uangalie zinavyofuatana," alisema Lenzi, akaziachia picha zijipitishe zenyewe kwenye skrini.

Ya kwanza, Fundi anacheka. Ya pili, Fundi anapiga chafya. Ya tatu, mkono wa Lenzi unamrekebisha kola. Ya nne, Fundi amekunja ngumi, lakini kidole gumba amekificha ndani, kama mtu ambaye hajawahi kupigana hata na mbu.

Mama mshonaji alisogea karibu. "Ngumi gani hii? Hii si ya kushikia kifaranga?"

Muuguzi alicheka kidogo, kicheko chenye kamasi. Fundi alitazama sakafu, lakini shavu lake lilijikunja.

"Na yeye alikubali hii ya bango iuzwe?" aliuliza mama.

Lenzi alimtazama kaka yake. "Hapana, mama. Alinikataza. Saini yake niliitia mimi."

"Wewe binti!" Mama alimpiga jicho ambalo nisingependa kupigwa. "Ndugu wa kuzaliwa! Ungekuwa wangu ningekushona mdomo kwa uzi wa jinzi." Kisha akamgeukia Fundi, na sauti yake ikapungua. "Mwanangu, nimekufikiria vibaya. Nimezika mtoto. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka."

"Najua, mama."

"Simama nikupime mabega. Hilo koti ulilokodi litakuaibisha."

Ningekuwa na huruma ningeishia hapa, kila mtu aende zake na furaha yake. Fundi alisimama, akanyoosha mikono, futi ikapita mgongoni mwake. Muuguzi alikuwa anafuta macho kwa pindo la sare. Hakuna aliyekumbuka kuifunga kompyuta.

Lenzi ana tabia ya kuweka picha na video za siku moja kwenye faili moja. Kazi nyingi, mpangilio hakuna. Picha zikaisha, na mashine, ambayo haijui aibu, ikaendelea na kilichofuata.

"Kaka, unanichekesha," ilisema sauti ya Lenzi kutoka kwenye kompyuta. "Hamna hasira hapo. Hebu mfikirie baba."

"Usianze," ilisema sauti ya Fundi.

Lenzi aliruka kutoka kwenye kiti. Muuguzi alikuwa karibu zaidi, akaweka mkono mbele ya kompyuta. "Acha, wifi. Nataka kusikia."

"Mfikirie baba, kaka. Siku aliyombana mama vidole mlangoni. Una miaka kumi, umesimama pale, unamtazama. Sasa mfanye yeye. Nipe uso wake."

Na uso ukaja. Wote wanne waliuona unavyokuja, ukipanda kutoka shingoni, mpaka yule kijana wa kidole gumba akatoweka na akabaki mtu mwingine. Kidole gumba kilitoka nje ya ngumi. Mama mshonaji alinyoosha kiganja, akaifunga kompyuta kwa nguvu.

Futi ilikuwa bado begani kwa Fundi.

"Baba yenu alimbana mama yenu vidole?" aliuliza mama mshonaji.

Lenzi alifungua mdomo. Kaka yake alimwahi.

"Ndiyo, mama. Na haikuwa siku hiyo tu."

Muuguzi alimsogelea mchumba wake, akasimama mbele yake kabisa.

"Nilikuuliza," alisema. "Siku ya kwanza, hata namba yangu ya simu hujaipata. Nilikuuliza kama kwenu kulikuwa na kipigo. Ukaniambia nini?"

"Kwamba kwetu kulikuwa na amani."

"Kwa nini?"

"Niliona haya." Aliitoa futi begani. "Nilikupenda palepale, nikaona haya."

"Dada yangu naye aliambiwa huko kwao kuna amani."

Mama mshonaji alilishusha gauni, akaligeuza ndani nje, akachukua wembe na kuanza kufumua, kuanzia kwenye ule mkono uliokwisha kuungwa. Alikuwa analia huku anafumua. Lilikuwa gauni zuri, na yule kijana, mama mwenyewe alikuwa amempenda. Hilo ndilo lililomuuma.

Nje, barabarani, Lenzi alimkimbilia kaka yake, kompyuta kifuani.

"Kaka, turudi! Video haikuishia pale. Wakiona ilivyoisha—"

"Usithubutu."

"Ulilia, kaka! Ulisema—"

"Nakijua nilichosema." Fundi alisimama. Watu walipita huku na huku, mmoja akamgonga bega wala hakuhisi. "Nilimwambia mdogo wangu. Sikuiambia kamera. Nilifikiri umeizima, Lenzi. Mtu anaona kaka yake analia namna ile, halafu anaiacha mashine inaendelea?"

Lenzi aliikaza kompyuta kifuani. Mimi sina la kumsaidia.

"Ifute," alisema Fundi. "Picha, video, chochote chenye uso ule. Leo hii. La sivyo, hesabu kwamba huna kaka."

Akaondoka.

Na safari hii, wasomaji wangu, Lenzi alitii. Alipanda ngazi mbiombio, akakaa chini na kompyuta miguuni. Alifuta ile video. Akachomeka diski ya akiba, akaifuta na humo. Akafungua pipa la taka la kompyuta, akalimwaga, na mashine ilipomuuliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo bila kusoma. Akaingia sokoni, akaiondoa picha ya ngumi, ile iliyokuwa ikimlisha. Alijisikia msafi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Kilibaki kitu kimoja pale sokoni. Kidole chake kilikuwa kinakielekea kitufe cha kukiondoa, mlango ukagongwa.

Ni Muuguzi, kofia ya kazi mkononi, anahema kwa ngazi.

"Mama hajui niko hapa," alisema. "Wifi, mama aliifunga kompyuta mapema. Mimi nilikuwa pembeni, niliona kabla haijafungika. Baada ya ule uso, midomo ya kaka yako ilianza kutetemeka. Nataka kuona mwisho."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wanaume wanaopiga nawajua. Wake zao nawafunga vidonda kila juma, wao wanakaa kwenye benchi wananisubiri, na mimi nawasoma. Huyu kaka yako sikuwahi kuona kitu kwake. Nionyeshe kilichofuata. Kama si mtu wa kuogopwa nitajua, na nikijua naolewa naye hata kwa gauni la kuazima, mama atakuja kutusamehe baadaye."

Lenzi alimtazama tu. Kisha akakaa tena sakafuni.

"Nimeifuta," alisema.

"Umefuta nini?"

"Video. Aliniambia niifute. Nimeifuta sasa hivi, wifi, hata robo saa haijapita."

"Hakuna nakala?"

Loo. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Muuguzi ilibidi arudie swali lake, neno kwa neno.

"Ipo moja," alisema Lenzi. "Sokoni."

Muuguzi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alishika ukuta. "Unauza hata kilio chake?"

Lenzi aliigeuza skrini. Soko linataka kila video ipewe jina litakalomvuta mnunuzi, na hii alikuwa ameipa jina mwenyewe, kwa vidole vyake hivi: MUME KATILI AJUTA. Akaiachia icheze.

Ngumi ikapanda. Uso ukaja. Kisha ngumi ikaanguka yenyewe, Fundi akakaa juu ya kigoda kama gunia lililoachiwa, akafunika uso, mabega yakatikisika. Akalia kwa muda mrefu. Mwishoni akainua kichwa, akatazama pembeni ya kamera, kwa dada yake, midomo ikasema maneno machache. Kisha video ikaanza upya.

Haikuwa na sauti. Sokoni video huwekwa bubu, ili mnunuzi atie muziki wake. Sauti ilikuwa kwenye ile iliyofutwa.

Muuguzi aliitazama mara mbili. Mara ya pili uso wake ulikuwa umebadilika.

"Shemeji naye alikuwa akilia," alisema taratibu. "Kila akimaliza kumpiga dada, alikaa chini akalia hivihivi. Mama ndiye aliyekuwa akimbembeleza."

"Hapana! Wifi, hapana, kaka hakulia hivyo. Yeye alisema—"

"Alisema nini? Naona midomo inasogea."

"Alisema, 'Sitaki kuwa yeye. Lenzi, niambie mimi si yeye.' Maneno yake ni hayo. Nakuapia kwa kaburi la mama yetu."

Muuguzi alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko tusi.

"Dada," alisema. Hakumwita wifi. "Wewe uliandika saini ya kaka yako. Ukamwambia usoni kwamba ni yake. Kilio chake umekiita majuto ya katili. Nataka kukuamini kuliko kitu chochote leo, nakwambia kweli. Nikuamini kwa lipi?"

Lenzi alilia kwa sauti. Ninalolijua mimi na analolijua yeye ni kwamba alikuwa anasema kweli tupu, na kweli hiyo ilikuwa haina bei hata ya senti.

"Mpigie," alisema Muuguzi. "Aje aseme mwenyewe. Akisema yeye, nitaamini."

Lenzi alipapasa simu, akapiga. Mlio ukasikika nje, mlangoni.

Mlango ulikuwa umeachwa wazi, na Fundi alikuwa amesimama kizingitini, simu inalia mkononi wala haipokei. Alikuwa amerudi kumwomba dada yake radhi kwa neno alilomtupia barabarani, kwamba hana kaka. Sasa hakuwa anamtazama dada yake. Alikuwa anatazama juu ya bega la Muuguzi, kwenye skrini, ambako alikuwa analia kwa mara ya tatu. Alisoma jina la video. Alilisoma polepole, halafu akasoma kitufe cha kijani cha kununulia kilichokuwa chini yake: TIA KIKAPUNI.

"Hapo," alisema Muuguzi, kidole chake kikigusa ile midomo kwenye kioo. "Ulisema nini hapo? Niambie tu, mpenzi wangu. Nitakuamini."

Fundi alimtazama. Kama nyinyi mmewahi kutazamwa na mtu anayewapenda huku anawaaga, basi sina haja ya kueleza. Mdomo wake ulifunguka.

Kisha macho yake yakarudi kwenye kile kitufe.

"Mimi sina maneno pale," alisema. "Yameshauzwa. Muulize mwenye mali."

Akageuka.

"Kaka!" Lenzi alipiga ukelele, bado yuko sakafuni. "Wifi, mfuate! Mfuate, nakuomba!"

Kutoka mlango ule mpaka barabarani kuna ngazi arobaini na mbili. Fundi alikuwa ameshashuka kumi, na Muuguzi bado alikuwa amesimama mbele ya skrini, kidole kwenye kioo, hajainua mguu.